Zaburi Ina Mwendo Wake: Mwongozo kwa Mwimbishaji wa Mara

Umepewa siku tatu na watu arobaini: wanakwaya, wazee wa kanisa, akina mama wa jumuiya, vijana wawili watatu wenye kinanda. Kazi yako ni kuwapitisha katika ushairi wa Biblia mpaka watoke na kitu cha kuimba Jumapili. Mkono wako utakimbilia tuni. Uzuie.

Mimi niliwahi kuanza na tuni. Ilikuwa kwenye kwaya moja upande wa Bunda, na tulichagua zaburi ya mtu aliyekimbiwa na rafiki zake wote. Kijana wa kinanda akaweka mdundo uliokuja tayari ndani ya kinanda, ule wa kuingizia maharusi ukumbini. Jumapili tukaimba. Vitambaa vikapungwa, vigelegele vikapigwa, mwenyekiti wa kwaya akatabasamu mpaka jino la mwisho. Baada ya ibada mama mmoja aliyefiwa wiki chache nyuma akanishika mkono, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwalimu, yale maneno mliyasikia wenyewe?" Sikuwa na la kumjibu. Tuliyajua kwa ghibu, ila hatukuwahi kujiuliza yanafanya kazi gani.

Tangu siku hiyo naanza na kazi. Shairi la kale linalia, linadai, linasifu, linasimulia, linamsindikiza msafiri. Ukishajua lako linafanya lipi, nenda ukatafute hapo hapo kijijini wimbo unaofanya kazi hiyo hiyo. Tuni itafuata nyuma, na mara nyingi utaikuta imeshakaa barazani inakusubiri.

Kwanza masikio

Asubuhi ya kwanza usitoe somo. Mpe mtu mwenye sauti nzuri Biblia, asome zaburi moja fupi mara mbili, polepole, wengine wakiwa wamefunga vitabu. Zaburi ya 13 inatosha, ina aya sita tu. Kisha uliza: mmesikia nini kikirudiwa? Watakuambia. Yule mtu anauliza "mpaka lini" mara nne mfululizo kabla hajaomba chochote.

Sasa ndipo uwaeleze siri ya ufundi. Sisi tumezoea vina na mizani. Mshairi wa Kiebrania hakutegemea vina. Yeye alipanga mistari iende miwili miwili kama ng'ombe wa plau. Mstari wa pili unarudia wa kwanza kwa maneno mengine, au unaupinga, au unausukuma mbele hatua moja. Robert Lowth, mwalimu wa ushairi Oxford aliyekuja kuwa askofu, ndiye aliyelipanga jambo hili vizuri katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1753, na ingawa wasomi wamemsahihisha hapa na pale, kwa kazi yetu bado anatosha. Neema ya ufundi huu kwetu ni hii: kina kikitafsiriwa hufa, lakini mistari pacha haifi. Anayesoma Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 anaupata mpango huo karibu wote.

Usiwafundishe kwa maneno mengi. Gawa chumba, upande wa dirishani na upande wa mlangoni, uwape mistari ya kutungatunga kwanza ili wasiogope kuchezea Maandiko. Mimi hutumia hii, ya mvuvi:

Taa yangu imezimika usiku wa manane,
mwanga wangu umekufa katikati ya ziwa.

Wenzangu wamerudi Mwigobero wameelemewa,
mimi nimerudi na wavu mkavu.

Nimekaa juu ya jiwe nikasubiri,
nimesubiri hata jiwe likanizoea.

Dirishani wanasema wa kwanza, mlangoni wanajibu. Waulize jozi ipi inarudia, ipi inapinga, ipi inasukuma. Kisha waachie dakika kumi watunge jozi zao kuhusu kazi zao: mama ntilie, bodaboda, mkulima wa pamba. Hapo utasikia vicheko, na baada ya vicheko utasikia vitu vizito kuliko ulivyotegemea. Ukirudi kwenye zaburi yenyewe, hakuna atakayekuuliza tena kwa nini Biblia inasema jambo moja mara mbili.

Mambo mawili ya kiufundi, haraka. Neno "Sela" limo mara 71 katika Zaburi na hakuna mwenye uhakika lina maana gani. Wewe litumie kama kituo: sauti zinyamaze, ngoma au kayamba viendelee peke yake kwa pumzi nne. La pili ni hesabu. Katika vitabu vya zamani vya Kikatoliki vilivyofuata Kilatini, zaburi nyingi zina namba pungufu kwa moja, hivyo ile ya mchungaji huwa ya 22 badala ya 23. Kundi la Mara karibu siku zote ni la mchanganyiko: Wakatoliki, Wamennonite ambao wamisionari wao wa kwanza walifika Shirati mwaka 1934, Wasabato, Waanglikana, AIC, Wapentekoste. Nimeona robo saa ikipotea watu wakibishana kumbe wanasoma zaburi moja.

Musoma: zaburi ya wenye vyombo

Kama siku ya kwanza uko Musoma, usiwafungie watu ukumbini mchana kutwa. Alasiri wapeleke ziwani na Zaburi ya 107.

Zaburi hii ina makundi manne ya watu waliokwama: waliopotea jangwani, wafungwa, wagonjwa, na mabaharia. Kila kundi linapita njia moja. Linafika mwisho wa nguvu, linalia, linaokolewa, linaambiwa lishukuru. Viitikio ni viwili, cha kilio na cha shukrani, na kila kimoja kinarudi mara nne. Hata asiyejua kusoma anavishika kufikia kundi la pili. Ndiyo maana naipenda kwa kuanzia.

Lakini kundi la nne ndilo linaloshika watu wa Mwigobero na Makoko. Mshairi anaeleza dhoruba kama mtu aliyewahi kukaa ndani ya chombo: wimbi linapandisha, linashusha, watu wanayumba kama walevi, ujuzi wote wa kazi unaisha. Mtafute mzee wa mtumbwi. Mwamkie, mweleze umetoka wapi, ukae. Usimsomee mara moja. Mwombe kwanza akusimulie usiku wake mbaya kuliko wote. Karabai zimepungua siku hizi, taa za betri na sola zimeshika nafasi yake kwenye uvuvi wa dagaa, ila upepo ni ule ule. Akimaliza, msomee aya ya 23 mpaka ya 32, kisha muulize mshairi amekosea wapi. Swali hilo linamfanya yeye kuwa mwalimu na wewe kuwa mwanafunzi, na ndivyo inavyopaswa kuwa hapo ufukweni.

Halafu muulize kama kuna wimbo wa kuvutia wavu. Ukiupata umepata mali. Wimbo wa kuvuta una kiongozi anayerusha mstari na wengine wanaodaka wakiwa na mwili mzima ndani yake, na kiitikio cha Zaburi ya 107 kinataka mwili. Wanakwaya waliozoea kusimama wima na faili kifuani wataona aibu. Wape kamba ya kweli, ndefu, waishike pande mbili, wavute wakiimba. Aibu huisha kwenye mvuto wa tatu.

Jihadhari na jambo moja. Ukanda huu una majeraha ya maji. MV Bukoba ilizama Mei 1996, MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara Septemba 2018, na katika kundi lako anaweza kuwemo mwenye ndugu aliyekufa humo au katika ajali ya mtumbwi isiyotangazwa popote. Mabaharia wa Zaburi ya 107 walifika bandarini. Kuna waliokuwa na imani kama yao na hawakufika. Liseme hilo kwa sauti, usiliruke, na uwaahidi kwamba siku ya tatu ipo kwa ajili hiyo.

Bunda: sifa penye tembo

Hapa nitakwenda haraka, maana nyimbo za sifa hazihitaji mwongozo. Kila kwaya inazo za kutosha.

Nitakuachia tahadhari moja tu. Mwalimu mgeni akifika Bunda, mji ulio pembeni ya Serengeti, atachukua Zaburi ya 104, ile inayotaja wanyama mmoja mmoja, na kufurahi kwamba imekubaliana na mandhari. Imekubaliana kweli. Mshairi anagawa zamu: usiku ni wa simba, jua likichomoza wanarudi mapangoni, ndipo binadamu anatoka kwenda kazini mpaka jioni. Sasa ipeleke zamu hiyo kwa mkulima wa kijiji kinachopakana na hifadhi, anayelala shambani na tochi na debe la kupiga kelele kwa sababu tembo wameshakula mahindi yake. Tembo haheshimu zamu.

Usimfiche mkulima huyo. Mpe nafasi aongeze aya yake. Kundi langu moja liliimba sifa za simba na ndege na mito, kisha katikati likaweka sauti moja ya mwanamke, bila ala, akilalamikia shamba lake, na baada yake kwaya ikarudi kwenye sifa kwa sauti ya chini kuliko mwanzo. Sifa ile ilikuwa ya kweli kuliko zote nilizowahi kuimbisha. Watoto wa Jumapili wape karatasi za manila na mkaa, wachore ukutani nusu ya mchana na nusu ya usiku, na wakimuweka tembo upande usio wake, mwache hapo hapo.

Bunda pia ina Wasukuma wengi, na wenye bugobogobo, ngoma ya majembe, wanajua kuimba huku wakirusha jembe hewani na kulidaka. Zaburi ya 126, ya wapandao kwa machozi, ni ya kwao kabla haijawa ya kwaya. Imo katika kifungu cha nyimbo kumi na tano, 120 mpaka 134, ambazo inaaminika mahujaji waliziimba wakipanda Yerusalemu. Ni fupi karibu zote, watu wa safari hawabebi mzigo. Ukiwa na basi la kukodi kutoka Bunda kwenda Butiama, ziimbeni humo njiani, moja kwa kila kituo.

Butiama: tenzi

Mwalimu Nyerere alizaliwa hapa mwaka 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, akapewa jina la Kambarage, pepo wa mvua, kwa sababu mvua ilikuwa ikinyesha. Alibatizwa Nyegina, karibu na Musoma, mwaka 1943. Wengi watakaokuja kwenye semina yako wanajua hayo na wanajua kaburi lake la Mwitongo. Wachache wanajua kwamba alikuwa fundi wa jambo hili hili unalolifundisha.

Mwaka 1996 wamisionari Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho walichapisha tenzi zake: Injili zote nne na Matendo ya Mitume, zimegeuzwa kuwa beti za Kiswahili. Ni kazi kubwa kwa kipimo chochote, na aliyeifanya alikuwa ameshaongoza nchi. Kabla ya hapo alishatafsiri Shakespeare, tamthilia ya Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Tazama alivyochagua chombo. Tamthilia aliiandika kwa mistari isiyofungwa na vina, kwa kuwa wahusika wanabishana na kushawishiana. Injili aliipa utenzi, kwa kuwa Injili ni masimulizi.

Wafundishe utenzi kwa kuutunga, hapo hapo, kwa vidole. Mistari minne, kila mmoja mizani nane, mitatu ya kwanza ina kina kimoja na wa nne una kina kinachotembea kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho:

Usiku umenifika
Na taa imezimika
Pepo zimebadilika
Nifikishe bandarini

Ni yule mvuvi wa siku ya kwanza. Kundi likilinganisha litagundua lenyewe kilichotokea: mistari pacha ilisimama ikatazama jambo mara mbili, utenzi umeshachapa mwendo. Kina cha -ika kinasukuma, huwezi kukaa. Kwa hiyo utenzi ni wa zaburi za historia, 78, 105, 106, zinazosimulia Misri na jangwa. Mtu mwenye pumzi anaweza kuzikariri na kuzighani mkesha mzima. Kwa kilio unakimbia mno, hayo ndiyo maoni yangu, ingawa aliyejaribu yupo na si mtu wa kubezwa: Mathias Mnyampala wa Dodoma, bingwa wa ngonjera, aliyetoa Utenzi wa Zaburi mwaka 1965. Ukikipata kitabu chake, soma naye bega kwa bega na Biblia, uone alipobana na alipoachia.

Butiama: kilio

Kwa hesabu ya wasomi wengi zaidi ya theluthi moja ya zaburi ni vilio. Fungua daftari la kwaya yako uhesabu ngapi ni vilio. Nimehesabu madaftari kadhaa ya mkoa huu, na jibu hunitia huzuni. Msibani tunaimba nyimbo za mbinguni kwa kasi, mfiwa anaambiwa asilie sana, na nyumbani bibi zake walikuwa na namna nzima ya kulilia wafu, yenye mpangilio, yenye kumwita marehemu kwa majina yake ya sifa na kumuuliza mbona kaondoka bila kuaga. Kanisani namna ile iliachwa mlangoni. Ndani ya Biblia ilikuwepo muda wote.

Anza na ombolezo la Daudi, sura ya kwanza ya Samweli wa Pili. Ni la kumlilia kiongozi, Sauli, na mahali penye kaburi la kiongozi panalipa uzito bila wewe kusema neno. Butiama ilipokea mwili wa Mwalimu Oktoba 1999, akitokea London alikofia. Watu wazima katika kundi wanaikumbuka siku hiyo, walikuwa wamesimama wapi na nani alianza wimbo. Waache wasimulie kwanza. Kisha wasomee Daudi, uwaonyeshe mambo ambayo mtu huyapita. Sauli alimwinda Daudi miaka. Ndani ya wimbo hakuna hata neno moja la kumlipizia. Kiitikio cha mashujaa walioanguka kinarudi mara tatu. Mungu hatajwi popote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na Daudi aliagiza wimbo huo ufundishwe kwa watu. Ubeti usiomtaja Mungu umo katika Maandiko, kwa hiyo mama wa kijijini anayemwita marehemu badala ya kumwita Mungu hana kosa la kutubu.

Baada ya hapo mwombe bibi mmoja, kwa heshima na mapema, siku moja kabla, aonyeshe jinsi watu wake walivyolia. Asilazimishwe. Baadhi ya vilio havitolewi pasipo na msiba, na akikataa kwa sababu hiyo, amekufundisha kitu tayari. Akikubali, simu zote zifungwe. Sikiliza pumzi yake: sentensi inaanza ndefu, juu, halafu inaishia fupi, chini, kama mtu aliyeishiwa. Mwaka 1882 Mjerumani Karl Budde alionyesha kwamba kitabu cha Maombolezo kinaenda hivyo hivyo, nusu ndefu ikifuatwa na nusu fupi, mapigo matatu kisha mawili. Mwendo wa anayechechemea. Mpe mpiga ngoma mapigo hayo, tatu, mbili, nafasi; tatu, mbili, nafasi; asipambe. Hiyo ndiyo ngoma ya kilio. Utashangaa jinsi mdundo wa kinanda unavyosahaulika.

Zoezi la kuandika nalo limo ndani ya kitabu hicho. Sura ya 1, 2 na 4 zina aya 22 kila moja, kila aya ikianza na herufi inayofuata katika alfabeti ya Kiebrania yenye herufi 22. Sura ya 3 inatumia kila herufi mara tatu, aya 66. Mtu aliyepoteza mji wake alikaa akapanga machozi kwa alfabeti. Wape watu wako karatasi, A mpaka Z, mstari mmoja kwa herufi, kwa ajili ya mtu au kitu walichopoteza. Herufi zinasaidia kwa njia mbili: zinakulazimisha kuendelea ulipotaka kuishia, na zinakuambia umefika mwisho ulipodhani hautafika. Anayetaka asome, asiyetaka akunje karatasi yake. Sura ya 5 ina aya 22 na haifuati tena mpango wa herufi. Iache iwe hivyo kwa wale ambao mpango uliwashinda.

Na ile Zaburi ya 88, niliyoiharibu Bunda, ndiyo niliyokuja kuiimbisha hapa. Ni kilio kisichogeuka. Zaburi za kilio karibu zote huishia kwenye tumaini, hii inaishia gizani. Viongozi watakuomba uiongezee ubeti wa ushindi. Usikubali. Tuliimba sauti moja bila ala, tukakaa kimya, mzee wa kanisa akaomba, tukaondoka.

Ala, lugha na mlango wa kanisa

Kinubi cha Daudi katika picha za vitabu vyetu ni kile kinubi kikubwa cha Ulaya chenye shingo ya bata. Kinori cha Waebrania kilikuwa kitu kingine: sanduku la sauti, mikono miwili, boriti juu, nyuzi zikishuka. Sarafu za Wayahudi za wakati wa uasi wa Bar Kokhba, miaka 132 hadi 135, zina picha yake. Ukiweka picha hiyo mbele ya Mkurya atakuambia ni litungu, na Mjaluo wa Rorya atasema ni nyatiti, na wote wawili watakuwa karibu na ukweli kuliko mchoraji wa Ulaya. Mtafute mpigaji. Mlipe nauli na posho, yeye ni fundi kama fundi mwingine.

Ila zungumza na mchungaji au paroko kabla hujamleta. Wasabato wengi hawataki ngoma ibadani, na hilo ni la kuheshimu. Kwao fanya kwa sauti tupu, zaburi haipungukiwi. Kwa Wakatoliki, zaburi ya kuitikizana kati ya masomo ina nafasi na maneno yake, hubadilishi unavyotaka. Kwingine hoja itakuwa kwamba litungu ni la pombe na jando. Usibishane kuhusu mti na ngozi. Uliza: watu wakisikia tuni hii wanakumbuka maneno gani? Kama wanakumbuka matusi, tuni haifai hata ikipigwa na kinanda. Kama wanakumbuka bibi akibembeleza mtoto, itafaa. Waimbaji wa kale nao waliazima. Vichwa vya baadhi ya zaburi, kama ya 22, vinaonekana kutaja majina ya tuni zilizokuwa zikijulikana wakati huo.

Kuhusu lugha, Kiswahili kitawaunganisha, lakini toa angalau zaburi moja kwa Kizanaki, Kijita, Kikwaya, Kiikizu, au lugha yoyote yenye wazee chumbani. Ofisi ya SIL iliyopo Musoma imeshughulika na tafsiri za Biblia katika kadhaa ya lugha hizi, kaulize kilichopo kabla hujaanza kutafsiri mwenyewe. Kiswahili kina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tuni za kigeni huukanyaga mara kwa mara, ndiyo maana tunaimba "bwaNAAA" bila kuona haya. Lugha zenye toni zinadai zaidi, maana ukipandisha pasipopaswa neno linaweza kugeuka. Njia yangu ni rahisi. Mwambie mzee aseme mstari kama anavyoongea. Kisha auseme tena akiwa amefumba mdomo, sauti ipite puani tu. Mguno huo ndio mifupa ya tuni. Rekodi kwa simu, mpe mwalimu wa kwaya, aandike sol-fa juu yake, aongeze sauti ya pili na besi, asiiondoe kwenye mifupa.

Ukimaliza, andika wimbo kwenye karatasi moja, na juu kabisa, kabla ya aya ya kwanza, weka kichwa kama walivyofanya wao: zaburi namba ngapi, tuni imetoka kwa nani, ni ya kuvuta wavu au ya kulilia mfu, iimbwe na nani, kwa ala gani. Mzee aliyetoa mguno apelekewe nakala yake na rekodi yake nyumbani kwake, na kama hana simu, kwaya iende ikamwimbie.